Faili za Mfumo Hazilingani Baada ya Kupandisha Debian 11 Kwenda 12: Dalili, Sababu na Ukaguzi

Malalamiko ni yale yale kila mara. Seva imepandishwa toleo usiku, huduma zote zimeamka salama, halafu asubuhi kikaguzi cha faili kinatuma ripoti yenye maelfu ya mistari. Mwenye seva anabaki na swali moja: hii ni kazi ya upandishaji, au kuna mtu kaingia?

Ni swali la haki, na wengi hulijibu vibaya kwa uchovu tu. Wanaona mistari elfu kumi, wanasema "ni toleo jipya hilo", wanaiamuru AIDE au rkhunter (ndivyo vikaguzi vyenyewe) ichukue hali ya sasa kuwa ndiyo sahihi, wanaendelea na kazi nyingine. Kama katikati ya mistari hiyo kulikuwa na faili moja ya mvamizi, tayari imehalalishwa, na kikaguzi hakitaitaja tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kutoka Debian 11 (bullseye) kwenda Debian 12 (bookworm), toleo lililotoka Juni 2023. Wa Ubuntu watauona unafanana sana na mambo yao. Wa RHEL (Red Hat Enterprise Linux) na ndugu zake nimewawekea aya yao karibu na mwisho.

Usianze kwa kuuliza kama faili imebadilika, maana karibu kila kitu kimebadilika: kerneli (kiini cha mfumo) imetoka 5.10 kwenda 6.1, maktaba ya glibc 2.31 kwenda 2.36, OpenSSL 1.1.1 kwenda 3.0, PHP 7.4 kwenda 8.2. Uliza nani kaibadilisha. Kila tofauti lazima ipate mwenyewe: ama kifurushi kilichosainiwa na Debian, ama skripti ya kifurushi iliyoitengeneza faili hapo hapo kwenye mashine, ama mkono wa msimamizi anayejulikana. Isiyo na mwenyewe ndiyo ya kushughulika nayo.

Kabla hujagusa chochote

Usiendeshe `aideinit`. Usiendeshe `rkhunter --propupd`. Zote mbili huchukua hali ya sasa kuwa ndiyo sahihi. Fungua pia `/etc/default/rkhunter` uangalie mstari wa `APT_AUTOGEN`. Ukiwa umewashwa, rkhunter husasisha rekodi zake yenyewe kila apt (programu ya Debian ya kuleta na kusakinisha vifurushi) inapomaliza kazi, na ushahidi unafutika bila wewe kujua. Uzime mpaka uchunguzi uishe.

Kisha nakili logi hizi nje ya seva, kwenye mashine nyingine kabisa:

```
/var/log/dpkg.log
/var/log/apt/history.log
/var/log/apt/term.log
```

Ndani ya `history.log` kuna `Start-Date` na `End-Date` za kila kazi ya apt. Andika pembeni saa upandishaji ulipoanza na ulipoisha. Muda huo ndio utakaoupimia kila faili.

Hapa wengi wanajikwaa kwenye tarehe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukiandika `ls -l /bin/ls` kwenye Debian 12 utaona tarehe ya Septemba 2022, ingawa umepandisha toleo juzi. Si kosa. dpkg, programu iliyo chini ya apt inayoweka faili za vifurushi kwenye diski, huiachia faili tarehe iliyokuja nayo ndani ya kifurushi, yaani ya wakati kilipotengenezwa. Tarehe unayoitaka haionekani kwa `ls -l` ya kawaida, inaonekana kwa `stat`:

```
stat /bin/ls
```

Mstari wa `Modify` utakuwa wa zamani. Mstari wa `Change` ndio unaosema lini faili iliwekwa au kuguswa kwenye mashine hii, na unatakiwa uangukie ndani ya muda ulioandika pembeni. `Modify` mtu anaweza kuighushi kwa amri ya `touch` tu. Kuighushi `Change` ni kazi zaidi, kwa kawaida mpaka achezee saa ya mashine. Programu ya mfumo ambayo `Change` yake ni siku tatu baada ya upandishaji, wakati logi za apt hazionyeshi kazi yoyote siku hiyo, inakudai maelezo.

Dalili ya 1: AIDE inaripoti maelfu ya faili zilizoongezwa, zilizoondolewa na zilizobadilika

Sababu ya kwanza, inayoeleza sehemu kubwa ya mistari, ni upandishaji wenyewe. Hapo hakuna la kurekebisha, kuna kazi ya kuchuja tu.

Ya pili huwashtua watu zaidi: AIDE inasema `/bin/ls`, `/bin/bash`, `/sbin/init` na wenzake wote wameondolewa. Debian 12 inakubali mpangilio mmoja tu wa folda, ambamo `/bin`, `/sbin` na `/lib` si folda tena bali ni viungo vinavyoelekeza ndani ya `/usr`. Mashine iliyosakinishwa upya kuanzia Debian 10 huwa tayari iko hivyo. Mashine kongwe, iliyoanza na Debian 9 au nyuma ya hapo ikawa inapandishwa tu, hugeuzwa na kifurushi cha usrmerge wakati wa kuingia 12. Hakikisha:

```
ls -ld /bin /sbin /lib
```

Jibu sahihi ni kama hili:

```
lrwxrwxrwx 1 root root 7 ... /bin -> usr/bin
```

Ukiona `l` mwanzoni na mshale unaoelekea `usr/bin`, umepata maelezo ya kundi zima. AIDE haifuati viungo, ndiyo maana inaona faili zimetoweka upande mmoja na kuzuka upande mwingine.

Sababu ya tatu ni faili zinazotengenezwa papo hapo kwenye mashine, ambazo hazimo ndani ya kifurushi chochote: `/boot/initrd.img-*`, `/etc/ld.so.cache`, `/usr/lib/locale/locale-archive`, faili za `modules.dep` ndani ya `/lib/modules`, na folda za `__pycache__` za Python, ambayo nayo imetoka 3.9 kwenda 3.11. Moduli za kerneli zinazojengwa kwenye mashine yenyewe na zana ya DKMS zinaingia humu humu. Hizi zina mwenyewe, ila ni skripti na si orodha ya kifurushi. Zikiwa mahali pake pa kawaida na `Change` yake ikiwa ndani ya muda wa upandishaji au wa kusakinisha kerneli, ziweke pembeni.

Baada ya kuondoa makundi hayo matatu, ripoti ya maelfu inabaki na mistari michache inayosomeka. Kama bado ni mirefu, sakinisha `cruft-ng`, inayoorodhesha faili ambazo dpkg haizijui na ambazo hazimo katika zile zinazotarajiwa kuzalishwa. Orodha yake ina kelele, lakini ni ndogo kuliko ya AIDE.

Dalili ya 2: `dpkg -S` inasema faili haina kifurushi

Unauliza `/usr/bin/ls` ni ya nani, unajibiwa:

```
dpkg-query: no path found matching pattern /usr/bin/ls
```

Mtu akiona hivi kwa programu ya msingi kama `ls` anapata baridi tumboni. Tulia kwanza. Kwenye Debian 12, kifurushi cha coreutils bado kimeandikisha faili hiyo kwa njia ya zamani, `/bin/ls`, na dpkg hutafuta maandishi uliyompa bila kufuata kiungo. Jaribu upya bila `/usr`:

```
dpkg -S /bin/ls
```

Utajibiwa `coreutils: /bin/ls`. Kwa hiyo, kwa kila faili iliyo chini ya `/usr/bin`, `/usr/sbin` au `/usr/lib`, uliza mara mbili: kwa `/usr` na bila `/usr`. Kwenye Debian 13 mambo yamegeuka, vifurushi vimehamishia njia zake ndani ya `/usr`, hivyo ni `/bin/ls` ndiyo isiyopatikana. Skripti yako ya ukaguzi ikiwa inauliza njia moja tu, itakupa hofu za bure kila unapopanda toleo.

Faili ikikosa mwenyewe kwa njia zote mbili, fuata mpangilio huu. Angalia kama ni kiungo cha mfumo wa machaguo (`ls -l` itaonyesha kinaelekea `/etc/alternatives`). Angalia `dpkg-divert --list`, maana kifurushi kimoja kinaweza kusogeza faili ya kingine. Angalia vifurushi vilivyobaki bila chanzo, au vilivyotoka nje ya Debian:

```
apt list '?obsolete'
apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'
```

Kisha uliza watu. Skripti nyingi za kusakinisha programu kwa mstari mmoja wa `curl` huitupa faili moja kwa moja ndani ya `/usr/bin` bila kumwambia dpkg, na msimamizi aliyekutangulia huenda aliiendesha miaka miwili iliyopita. Faili ikiwa ndani ya `/usr/local`, hapo ni mahali pa msimamizi, dpkg hahusiki.

Dalili ya 3: `debsums` au `dpkg --verify` inasema faili ya mfumo imebadilika

Hii ni nzito kuliko mbili zilizotangulia, kwa sababu hapa faili hailinganishwi na hali ya jana, inalinganishwa na kifurushi kilichosakinishwa. Upandishaji uliokwenda vizuri haupaswi kuacha tofauti kwenye programu.

```
dpkg --verify
debsums -s
```

Soma matokeo ya dpkg kwa makini. Mstari kama huu

```
??5?????? c /etc/sudoers
```

una herufi `c`, maana yake ni faili ya mipangilio, na `5` maana yake alama ya MD5 (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) hailingani. Uliihariri mwenyewe, ndiyo maana. Mstari wenye `5` lakini bila `c`, unaotaja kitu ndani ya `/usr/bin`, `/usr/sbin` au `/usr/lib`, ni habari nyingine.

Sababu, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi:

Mipangilio iliyohaririwa, kama nilivyosema.

Faili zinazotajwa kuwa hazipo, na zote ziko ndani ya `/usr/share/locale`, `/usr/share/man` au `/usr/share/doc`. Kuna mtu alisakinisha localepurge, au seva ilitokana na taswira ndogo ya mtandaoni au ya Docker yenye kanuni za `path-exclude`. Tazama ndani ya `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`.

Programu iliyofunikwa kwa mkono: `make install` iliyoelekezwa `/usr` badala ya `/usr/local`. Historia ya amri na mazungumzo na wenzako huimaliza hii.

Umeme kukatika katikati ya kazi, au diski inayokufa. Kwetu hili si jambo la nadra. dpkg hujitahidi kulazimisha data ifike kwenye diski, lakini diski za bei ya chini na mashine zisizo na UPS hazina ahadi. Dalili yake ya wazi ni dpkg kulalamika kwamba `files list file for package` fulani `is missing final newline`. Anza na:

```
dpkg --audit
dpkg --configure -a
apt --fix-broken install
```

Kwa kifurushi chenye lalamiko la `missing final newline`, sogeza faili yake ya `.list` kutoka `/var/lib/dpkg/info` uiweke pembeni (usiifute), kisha kisakinishe upya. Halafu pima diski kwa `smartctl -a`, utazame `Current_Pending_Sector` na `Reallocated_Sector_Ct`, na upitie `dmesg` kutafuta makosa ya kusoma. Kipimo kingine cha haraka: piga `sha256sum` ya faili yenye shaka, futa kumbukumbu ya muda kwa `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`, piga tena. Majibu mawili tofauti kwa faili ambayo hakuna aliyeiandika yanaelekeza kwenye RAM au diski. Hapo zima, endesha memtest86+ (kipimo cha RAM), na usirekebishe kitu kingine kabla ya kubadilisha kifaa, maana hata utakachosakinisha upya kitaharibika.

Sababu ya mwisho ni kuchezewa.

Ili kuitenganisha na zile nyingine, usitegemee orodha za MD5 zilizomo ndani ya `/var/lib/dpkg/info`. Aliyepata root (mamlaka yote) kwenye mashine anaweza kuibadilisha programu na kuiandikia alama mpya humo humo. Leta kifurushi upya kutoka Debian. Apt itahakiki saini:

```
mkdir ~/ukaguzi && cd ~/ukaguzi
dpkg -l coreutils
apt-get download coreutils=9.1-1
dpkg-deb -x coreutils_*.deb safi
sha256sum safi/bin/ls /bin/ls
```

Taja toleo lile lile ulilonalo, kama nilivyofanya hapo juu, la sivyo apt itakuletea jipya zaidi na utalinganisha vitu viwili tofauti. Toleo likiwa limeshaondolewa kwenye hazina ya kawaida, snapshot.debian.org huhifadhi ya nyuma.

Alama zikilingana, kilichokosewa ni orodha ya MD5 na si programu, na hiyo nayo ueleze imekosewaje. Zisipolingana, tazama tofauti yenyewe kwa `cmp -l safi/bin/ls /bin/ls | head`. Diski iliyoharibika mara nyingi huacha ukubwa ule ule, na kipande kizima cha sufuri mahali pamoja. Programu iliyobadilishwa na mtu mara nyingi hutofautiana ukubwa na karibu kila mahali. Ukiona hali hii ya pili kwenye sshd, login, su, sudo, ps, ls, netstat au maktaba ya PAM (inayothibitisha wanaoingia), acha hapo. Usisakinishe upya. Ruka hadi sehemu ya kuita mtaalamu.

Jambo moja ambalo `dpkg --verify` haikupi: haikagui mmiliki wa faili wala ruhusa zake, kwa hiyo programu iliyoongezewa ruhusa ya kuendeshwa kama root itapita kimya. Itafute mwenyewe:

```
find / /tmp /var/tmp /dev/shm -xdev -perm -4000 -type f
dpkg-statoverride --list
```

Kutegemea ulichosakinisha, utakutana na su, sudo, passwd, chsh, chfn, gpasswd, newgrp, mount, umount, ssh-keysign na wachache wengine. Nakala ya bash yenye ruhusa hiyo, au chochote cha namna hiyo ndani ya `/tmp`, `/var/tmp` au `/dev/shm`, hakina maelezo mema.

Dalili ya 4: upandishaji wenyewe umegoma kwenye faili moja

Apt inakwenda vizuri, kisha inasimama:

```
unable to make backup link of './usr/bin/...' before installing new version: Operation not permitted
```

Wewe ni root, diski haijajaa, haijafungwa kwa kusoma tu. Iweje root akatazwe? Angalia:

```
lsattr /usr/bin/jina-la-faili
```

Ikitokea herufi `i` katikati ya vistari, faili imefungwa isibadilishwe hata na root. Sababu nzuri zipo: kuna wasimamizi wanaofunga `/etc/resolv.conf` kwa makusudi, na baadhi ya paneli za kusimamia tovuti hufunga faili zake. Lakini faili ya programu ndani ya `/usr/bin` au `/usr/sbin` haifungwi na Debian. Wanaofanya hivyo sana ni programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali, ili mwenye mashine asiweze kuzifuta wala kuzifunika kwa toleo jipya.

Majibu mengi mtandaoni yatakwambia endesha `chattr -i` uendelee. Kwa faili ya mipangilio uliyoifunga mwenyewe, sawa. Kwa programu ya mfumo usiyojua nani kaifunga, sikubaliani nayo kabisa. Ukiifungua na kuendelea, apt itafunika ushahidi mkubwa uliokuwa nao, na mvamizi atabaki kwa mlango mwingine. Orodhesha kwanza zote zilizofungwa:

```
lsattr -R /usr/bin /usr/sbin /etc 2>/dev/null | grep -- '----i'
```

Nakili faili hizo nje, pamoja na matokeo ya `stat` yake, kisha mpigie simu mtaalamu.

Dalili ya 5: rkhunter inatoa maonyo lukuki

`The file properties have changed` kwa programu nyingi kwa pamoja baada ya kupanda toleo ni kawaida, kwa sababu rekodi zake ni za Debian 11. Weka `PKGMGR=DPKG` kwenye `/etc/rkhunter.conf` ili ilinganishe na dpkg, na uhakiki yale yanayobaki kwa njia ya Dalili ya 3.

Onyo kwamba `/usr/bin/egrep` imegeuzwa kuwa skripti nalo si la kutisha. egrep na fgrep kwenye Debian ni skripti fupi zinazoita grep. Ukiwa umebaki na mipangilio ya zamani, inaruhusu `/bin/egrep` wakati njia sasa inasomeka `/usr/bin/egrep`. Rekebisha mstari wa `SCRIPTWHITELIST`. Fungua faili uisome kabla, ni mistari michache mno. Ukikuta zaidi ya kuita grep, rudi Dalili ya 3.

Dalili ya 6: `/etc` imejaa faili za ajabu, au huduma imepoteza mipangilio

`.dpkg-dist` ni toleo la Debian ulilokataa ulipoulizwa. `.dpkg-old` ni lako ulilokubali lifunikwe. `.ucf-dist` na `.ucf-old` ni habari ile ile kwa vifurushi vinavyotumia ucf, zana nyingine ya kusimamia faili za mipangilio. Zipate zote:

```
find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'
```

Pitia kila moja kwa `diff`. Ya kutazama kwanza ni ya ssh, sudo na PAM, kwa sababu hapo mpangilio wa usalama uliouweka unaweza kuwa umerudi wa kiwandani bila kelele. Seva za muda nazo husumbua: kifurushi cha ntp kimerithiwa na ntpsec, na mipangilio inasomwa `/etc/ntpsec/ntp.conf`, kwa hiyo yale uliyoyaandika `/etc/ntp.conf` hayafanyi kazi tena.

Watumiaji wapya ndani ya `/etc/passwd` wenye namba kati ya 100 na 999 mara nyingi wameundwa na vifurushi; majina yao utayakuta ndani ya `term.log`. Mwenye namba 0 lazima awe root peke yake:

```
awk -F: '$3==0' /etc/passwd
```

Mstari wa pili ukitokea, sitisha kila kitu.

Dalili ya 7: programu zinazoendeshwa zinaonekana zimefutwa

```
ls -l /proc/*/exe 2>/dev/null | grep deleted
```

Huduma iliyoanza kabla ya upandishaji bado inaendesha faili ya zamani ambayo haipo tena kwenye diski. Anzisha huduma upya, au mashine nzima. Amri ya `needrestart` itakuonyesha zipi. Zikiisha baada ya kuwasha upya, jambo limekwisha. Inayorudi ikielekea `/tmp`, `/dev/shm` au `/var/tmp` haikutokana na upandishaji.

Dalili ya 8: kila kitu kinalingana, lakini mashine ina tabia isiyoeleweka

Alama kulingana na kifurushi huthibitisha kwamba una kile kilichotolewa, basi. Machi 29, 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba xz (programu ya kubana data) 5.6.0 na 5.6.1 zilikuwa na mlango wa siri, CVE-2024-3094, uliopenyezwa kabla ya vifurushi kutengenezwa. Ukaguzi wowote wa alama ungepita. Debian 12 haikuguswa, waliopata ni wa matawi ya majaribio. Kama seva yako iliwahi kuchanganyiwa hazina za testing au sid, chungulia historia ya apt uone kama matoleo hayo yalipita.

Kisha tazama mahali ambapo mvamizi hahitaji kugusa faili ya kifurushi hata moja: `authorized_keys` za watumiaji wote, `/etc/cron.d`, `/var/spool/cron/crontabs`, huduma ndani ya `/etc/systemd/system`, na `/etc/ld.so.preload`. Hii ya mwisho haipo kabisa kwenye Debian ya kawaida. Raspberry Pi OS ya biti 32 imekuwa nayo, ikitaja `libarmmem`, na hiyo ni halali. Maktaba nyingine yoyote humo inapakiwa ndani ya karibu kila programu, na inaweza kujificha hata kwa `cat` na `ls` unazozitumia kuitafuta. Ndiyo maana hutakiwi kuiamini mashine ijikague yenyewe. Sakinisha `busybox-static` kwenye mashine nyingine safi, ilete, kisha:

```
./busybox cat /etc/ld.so.preload
```

Kwa kuwa haitegemei maktaba za mashine, haidanganywi kwa njia hiyo. Bado kerneli iliyochezewa inaweza kuidanganya, kwa hiyo jibu kamili ni kuwasha seva kwa flashi ya Debian, kufunga diski kwa kusoma tu, na kukagua kutokea nje:

```
mount -o ro /dev/sda1 /mnt
dpkg --root=/mnt --verify
```

Badilisha `/dev/sda1` kulingana na diski yako.

Kwa wa RHEL, Rocky na AlmaLinux

`rpm -Va` inafanya zaidi ya dpkg: inakagua pia ukubwa, ruhusa, mmiliki na kundi. Herufi `c` ina maana ile ile. Mipangilio iliyogongana hubaki kama `.rpmnew` na `.rpmsave`. Mantiki nyingine yote ya hapa inafuata.

Wakati wa kuacha na kuita mtaalamu

Acha mara moja ukikutana na mojawapo ya haya: programu ya kuingilia au ya kuonyesha michakato ambayo hailingani na kifurushi kilicholetwa upya; faili ya programu iliyofungwa kwa `i` bila mwenyewe; mtumiaji wa pili mwenye namba 0; maktaba isiyojulikana ndani ya `ld.so.preload`; au logi zenye pengo katikati ya siku ambazo mashine ilikuwa hai.

Ukiacha, usiwashe upya, maana ushahidi ulio kwenye RAM utapotea. Ule ukaguzi wa flashi mwachie atakayeushika uchunguzi. Itenge seva na mtandao kwa kuchomoa waya, au kwa kanuni za nje kama ni ya mtandaoni, na wa mtandaoni wapige picha ya diski kupitia paneli yao. Badilisha manenosiri na funguo kutokea mashine nyingine, si hiyo. Bakapu za karibuni usiziamini mpaka ijulikane uvamizi ulianza lini.

Tanzania unaweza kuripoti TZ-CERT, timu ya taifa ya matukio ya usalama mtandaoni iliyo chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Kenya timu kama hiyo ni KE-CIRT/CC, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Kama seva inabeba taarifa za watu, sheria nayo inakuhusu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya sheria yake ya 2019 inampa mdhibiti wa taarifa (taasisi inayoamua zitumikeje) saa 72, tangu afahamu uvujaji wenye hatari kwa wahusika, awe amemjulisha Kamishna wa ulinzi wa taarifa. Mhusishe mwanasheria wa taasisi siku hiyo hiyo.

Kama ulichokuta ni upandishaji mtupu na kila tofauti imepata mwenyewe, sasa ndipo pa kuendesha `aideinit`, kunakili `/var/lib/aide/aide.db.new` kuwa `aide.db`, na kuipeleka nakala yake nje ya seva pamoja na alama yake ya sha256. Iliyobaki ndani peke yake haitakusaidia siku ambayo mtu mwingine ndiye mwenye root.